Mbaazi za Nazi, Mita 2,850 Juu ya Bahari

Shoga yangu anaishi Quito, mji mkuu wa Ecuador, huko Amerika Kusini. Yeye ni mzaliwa wa Kibokoni, mimi wa Kuze, mitaa ya Mji wa Kale wa Mombasa, na tangu utotoni tumekuwa chanda na pete. Tulisoma madrasa moja, tukanunuliwa mihogo ya kukaanga kwa mama mmoja pale ufukweni Mama Ngina, na bibi yake alipofariki mimi ndiye niliyelala naye siku zote za matanga. Maisha yakampeleka Naivasha kwenye mashamba ya waridi, akaijua kazi ya maua kwelikweli, na kazi hiyo ndiyo iliyomvusha bahari. Kenya na Ecuador zote mbili huuza waridi nje kwa wingi, na ikweta inapita nchi zote mbili, kwa hiyo aliyefunzwa kwetu hapotei kule. Siku hizi anakagua maua katika chumba baridi cha mizigo, karibu na uwanja wa ndege, kabla hayajapakiwa.

Kilichokuwa kikinisumbua mimi ni bahari. Mtu aliyelelewa akisikia maji yakipiga ukuta wa ngome atakaaje mahali ambapo ufuo wa karibu ni safari ya saa tano au sita kwa basi? Kila nikimpigia simu nikamuuliza, "Huko mlimani wala nini? Wakaa na nani?" alikuwa na jibu moja tu: "Ndoo uone." Nikajichanga, nikenda.

Tangu nirudi, watu huniuliza habari za viza na habari za baridi. Viza, anza mapema, ndilo la kusema. Baridi ipo, hasa usiku, ila mchana jua likitoka unavua sweta. Lakini ninayotaka kuyaandika hapa ni mengine: kuna watu wa pwani wanaoishi juu ya mlima ule, watu weusi wenye nazi zao na samaki wao, na hao ndio waliompokea shoga yangu wakamfanya mtoto wa nyumbani. Habari zao kwetu hazisimuliwi, na mimi naona zatuhusu sana.

Kwanza niimalize hewa, maana bila hiyo huwezi kuielewa Quito. Mji uko mita 2,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Nairobi, ambako sisi wa Mombasa tukifika tunaanza kutafuta blanketi, haifiki mita 1,800. Iten, wanakofanya mazoezi wakimbiaji wetu, ni kama mita 2,400. Ndege nyingi za abiria huongezewa hewa ndani ili abiria asivute hewa nyepesi kuliko ile ya mita 2,400. Kwa hiyo ukitoka uwanja wa ndege wa Tababela, uliofunguliwa mwaka 2013 kule bondeni, ukapanda hadi mjini, unaingia kwenye hewa nyepesi kuliko ile uliyokuwa ukiivuta angani juu ya Atlantiki.

Nilimchukulia halua, bizari ya pilau iliyosagwa, iliki, leso, na kachri za muhogo zile za kufungwa kwa plastiki na kuunguzwa mdomo kwa mshumaa. Forodhani nilivitaja vyote na wakaniachia. Nilipofungua begi sebuleni kwake, pakiti za kachri zilikuwa zimevimba, zimekaza, plastiki inang'aa. Hewa ya Mombasa iliyofungiwa mle ndani ilikuwa inasukuma kutafuta njia, kwa sababu hewa ya nje haikuwa na nguvu ya kuikandamiza. Shoga yangu alichukua moja, akaisogeza karibu na pua, akaitoboa kwa pini ya mtandio na kuivuta ile hewa yote kwa pumzi moja, macho kafumba. Hakusema kitu. Akala kachri, akanipa na mimi.

Oksijeni ya Quito ni asilimia 21 ya hewa, sawa na ya Likoni. Kinachopungua ni mgandamizo wake, kwa hiyo kila pumzi inakuletea chini kidogo ya robo tatu ya ile uliyoizoea ufukweni. Mwili unajua la kufanya. Unapumua haraka bila kuambiwa, moyo unapiga mbio hata umekaa, figo zinatoa maji kwa wingi, na ukikaa wiki kadhaa uboho wa mifupa unaongeza chembe nyekundu za damu. Lakini kabla ya hapo, kichwa kinauma kwenye paji la uso, na ngazi za kwenda nyumba ya orofa ya tatu zinakufanya ushike ukuta. Nilipotaka kupanda kwa haraka shoga yangu alinishika mkono: "Wenda wapi mbio hivyo? Kaa kitako hapo kwanza." Tukakaa ngazini, mimi na yeye, majirani wakipita na kutusalimu, mpaka moyo wangu ukatulia.

Usiku ndio mgumu. Mtu mgeni akilala kwenye hewa ile, pumzi yake inaweza kusita kwa sekunde kadhaa kisha ikarudi kwa mkupuo. Nilishtuka mara nyingi nikidhani naota nimezama. Yeye alikuwa amelala kitanda hichohicho, kama tulivyokuwa tukilala kwao utotoni, na kila niliposhtuka nilimkuta macho. Asubuhi aliniambia alikuwa akisikiliza pumzi yangu, kwa sababu wiki zake za kwanza Quito hakuwa na wa kumsikilizia yake. Hilo limenikaa.

Hapa niseme na watu wangu wa pwani, na mnisikilize. Kwetu selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, iko katika koo nyingi. Mwenye ugonjwa huo, na hata aliyebeba kinasaba chake tu bila kuumwa, asipande miji ya namna hii kabla ya kuonana na daktari, kwa sababu oksijeni ikipungua chembe za damu hupinda na wengu unaweza kudhurika. Wenye presha na wenye moyo pia waulize kwanza. Wengine wote: siku za mwanzo usikimbie, usibebe mizigo, kunywa maji, kula kidogo kidogo. Kichwa kikizidi au pumzi ikikosekana hata umekaa, dawa ya uhakika ni kuteremka.

Mji wenyewe ni mrefu na mwembamba, umebanwa kati ya mabonde na mlima Pichincha, ambao ni volkano hai. Mwaka 1999 ulimwaga majivu juu ya mapaa. Mji wao wa kale uliingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1978, katika orodha ya kwanza kabisa, na kwangu mimi niliyekulia Mji wa Kale wetu ilikuwa raha kuona barabara nyembamba, baraza, milango mizito, na wazee waliokaa Plaza Grande wakipigwa jua. Kanisa la Compañía ndani limepakwa dhahabu mpaka darini. Juu ya kilima cha Panecillo kuna sanamu kubwa ya alumini ya Bikira Maria mwenye mabawa, unaiona kutoka kila pembe. Treni ya chini ya ardhi ilianza kubeba abiria Desemba 2023, safi na ya haraka, na unalipa kwa dola ya Marekani kwa sababu nchi iliacha sarafu yake mwaka 2000.

Tulikwenda pia kwenye mnara wa ikweta, Mitad del Mundo. Mstari uliochorwa pale hauko penyewe, ikweta ya kweli iko kama mita 240 kaskazini yake, lakini watu wanapiga picha wakiwa wametanua miguu huku na huku kama wanavyofanya Nanyuki. Kuna gari la kamba linalokupandisha Pichincha hadi karibu mita 4,000. Mimi sikulipanda, na sijutii. Sikwenda kwa ajili ya vilele.

Kilichonigusa zaidi ni saa. Quito iko karibu kabisa na ikweta, na Mombasa haiko mbali nayo, kwa hiyo jua linachomoza mnamo saa kumi na mbili asubuhi na kuzama saa kumi na mbili na kitu jioni, mwaka mzima. Maghribi inaingia wakati uleule unaoujua mwili. Tofauti ni kwamba kwetu ni saa nane mbele: shoga yangu akiamka alfajiri kuswali, Mombasa watu wamekwisha swali adhuhuri. Na kibla kimegeuka. Ukiwa Mombasa, Makka iko kaskazini moja kwa moja, huna haja ya kufikiri. Quito unaelekea mashariki, kidogo upande wa kaskazini. Chumbani kwake amebandika kipande cha leso ukutani kuonyesha upande, na ni kipande cha leso ya bibi yake, yule wa Kibokoni.

Sasa nifike kwenye mbaazi.

Siku moja ya Jumamosi alinipeleka soko la Iñaquito, kaskazini mwa mji. Ni soko la ndani, lina paa, na kila kitu kimepangwa kwa aina yake: viazi ambavyo sikujua kama dunia ina rangi zote hizo, mahindi ya punje kubwa, ndizi za kila namna, na upande wa nyuma nyama ya nguruwe mzima aliyeokwa, ambapo tulipita haraka. Pembeni kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, mweusi, kitambaa kichwani, amekaa nyuma ya nazi na madafu. Alipomwona shoga yangu alisimama kabla hatujafika. Wakakumbatiana. Kisha akanitazama mimi, akasema maneno marefu ya Kihispania na kunishika mashavu kwa viganja vyote viwili. Nilimuuliza shoga yangu anasema nini. "Asema sasa amewaona ndugu zangu, atalala."

Huyo mama anatoka San Lorenzo, katika jimbo la Esmeraldas, kaskazini kabisa mwa pwani ya Ecuador, karibu na mpaka wa Kolombia. Nazi zake zinatoka huko. Chini ya meza alikuwa na gunia dogo, akalifungua na kunichotea mbaazi mkononi. Mbaazi hizihizi zetu. Hizo hazitoki pwani, alieleza, bali bonde la Chota, nusu ya njia kwenda mpaka wa Kolombia kwa upande wa milimani, ambako pia wanaishi watu weusi na ndio wanaozilima. Wazee wao waliletwa Chota kama watumwa kulima miwa, mengi ya mashamba yakiwa ya mapadri wa Kijesuiti. Mapadri walifukuzwa mwaka 1767, watumwa wakabaki, wakauzwa pamoja na ardhi. Utumwa ulipigwa marufuku Ecuador mwaka 1851. Mbaazi asili yake ni Bara Hindi, zikaja Afrika, na zikavuka Atlantiki kwa njia ileile walikopitishwa watu. Nilisimama pale na mbaazi mkononi, na nilishindwa kuzirudisha guniani.

Tulinunua mbaazi, nazi, na unga wa ngano. Mama akasema atakuja kesho yake, Jumapili, na atakuja na samaki.

Kupika mbaazi kwenye mwinuko ule ni elimu. Maji kule yanachemka yakifika nyuzi 90 hivi, hayapandi zaidi hata uwashe moto wa namna gani. Yanatokota, yanafuka, unadhani kazi inakwenda, kumbe mbaazi zinaogeshwa tu. Tulikuwa tumeziloweka usiku kucha. Kwa sufuria ya kawaida zingetuweka jikoni mpaka alasiri na bado ukizibana zina kiini kigumu. Kwa hiyo shoga yangu hutumia sufuria ya presha, ile ya mfuniko wa kukaza na kipuli juu. Mvuke ukizuiwa ndani, mgandamizo unapanda, na maji yanapata moto wa kutosha kuivisha. Kule karibu kila nyumba inayo moja. Kipuli kikaanza kulia, naye akaangalia saa.

Mahamri ni kinyume chake. Unga wenye hamira ukikaa pahali pa joto huumuka upesi kule, kwa sababu hewa haiulemei, na ukiuacha unavimba kupita kiasi kisha unabonyea na mahamri yanatoka na mashimo makubwa, yanakunywa mafuta. Kwa hiyo anapunguza hamira, anapunguza sukari kidogo, anauweka unga ndani ya oveni ambayo haijawashwa pamoja na bakuli la maji ya moto, na hatoki jikoni. Alinionyesha kwa kidole: anabonyeza kando ya donge, akiona alama inarudi polepole anajua ni wakati. Ikirudi haraka bado, isiporudi kabisa umechelewa. Nilikuwa namtazama yule msichana ambaye mamangu alikuwa akimfukuza jikoni kwa kula unga mbichi, sasa anapima hewa ya Andes kwa ncha ya kidole.

Mama wa San Lorenzo alifika na mfuko wa samaki na mjukuu. Akakuta mbuzi ya kukunia nazi sakafuni. Shoga yangu aliibeba kutoka Mombasa, mbao ya mwembe, ulimi wa chuma, na uwanjani walimsimamisha kwa ajili ya ile chuma. Mama akaitazama, akaiinua, akapitisha dole gumba kwenye meno yake. Kwao wanakuna kwa bati lililotobolewa matundu, alisema, na siku hizi vijana wanatia kwenye mashine ya kusagia. Akakaa juu yake kwa upande, kama mtu aliyezaliwa Kuze, akashika kifuu kwa mikono miwili na kuanza. Nazi iliyokunwa ikaanguka siniani, nyeupe, laini, nyembamba. Hakusimama mpaka nazi zote zikaisha.

Chakula chao kinaitwa encocado. Vitunguu, pilipili hoho, majani yenye harufu karibu na ya kotimiri, kisha samaki anapikwa ndani ya tui mpaka tui linakuwa zito na la rangi ya manjano. Wanakula na wali na ndizi mbichi zilizopondwa zikakaangwa. Sisi samaki wa kupaka tunamchoma kwanza kwenye makaa ndipo tunampaka, na tunatia ukwaju au ndimu, tangawizi na kitunguu thomu, kwa hiyo ladha si moja. Langu ni kwamba chetu kina makali zaidi na chao kina utamu wa tui zaidi, na siku ile sikuweza kuchagua. Lakini hatua ni zilezile: anakamua tui la kasimele analiweka kando, anakamua la pili ndilo analopikia, na lile zito linaingia mwisho, moto umepunguzwa, unakoroga kwa upande mmoja ili lisikatike. Hakuna aliyetufundisha sisi na wao pamoja. Mimi na yule mama hatukuwa na lugha moja, na jikoni hatukuihitaji.

Baada ya kula mjukuu alitoa simu na kunionyesha mikoko ya kwao, mirefu kuliko mikoko yoyote niliyowahi kuiona, na wanawake waliokunja sketi wakitafuta kombe kwenye matope. Nikamwonyesha picha za wanawake wa Gazi, upande wa kusini mwa kwetu, na daraja lao la mbao katikati ya mikoko. Wakazitazama zile picha kwa muda mrefu. Kisha kijana akaniuliza kama namjua Enner Valencia. Nikamwambia wapwa zangu hawazungumzi jingine: ndiye aliyefunga goli la kwanza la Kombe la Dunia la 2022, kule Qatar. Mama akajipiga kifua. Valencia ni wa San Lorenzo.

Wiki iliyofuata walitupeleka Carcelén, mtaa wa kaskazini ambako wamehamia watu wengi wa Chota na Esmeraldas, tukala katika mkahawa mdogo wa ndugu yao. Ukutani palikuwa na nakala ya picha ya kuchorwa, wanaume weusi watatu wamesimama na mikuki, shingoni wamevaa kola za Kihispania zenye mikunjo, na puani na masikioni wana mapambo ya dhahabu. Nilisahau chakula. Picha hiyo ilichorwa Quito mwaka 1599 na mchoraji mwenyeji wa Andes, Andrés Sánchez Galque. Aliyesimama katikati ni Francisco de Arobe, kiongozi wa watu weusi huru wa Esmeraldas, na pembeni ni wanawe, Pedro na Domingo. Picha yenyewe halisi iko Madrid.

Watu hao walikuwa huru kwa sababu walijikomboa. Mwaka 1553 meli iliyobeba Waafrika kutoka Panama kuelekea Peru ilikwama kwenye pwani ya Esmeraldas. Waafrika wakakimbilia msituni, wakaoana na wenyeji, wakajenga utawala wao, na Wahispania walishindwa kuwatiisha kwa miaka mingi. Aliyekuja kuwa kiongozi wao mkubwa ni Alonso de Illescas, ambaye Bunge la Ecuador lilimtangaza shujaa wa taifa mwaka 1997. Hatimaye wakubwa wa Quito waliona heri wapatane nao, na ile picha ikachorwa kumpelekea Mfalme Felipe wa Tatu wa Uhispania, aone watu gani wamekubali kumtambua.

Nilimwomba shoga yangu arudie mwaka. 1599. Mimi nimelelewa kwenye kivuli cha Ngome Yesu, na kila mtoto wa Mji wa Kale anajua ilianza kujengwa 1593. Wakati huo Ureno na Uhispania zilikuwa chini ya mfalme mmoja, Felipe wa Pili. Huyo ndiye ambaye kwa jina lake ngome ilijengwa juu ya matumbawe yetu, na mwanawe, Felipe wa Tatu, ndiye aliyepelekewa picha ya kina Arobe. Baba na mwana, katika muda usiofika miaka kumi, walinyoosha mkono hadi pwani mbili, yetu na ile ya Esmeraldas. Nilieleza hayo mezani na shoga yangu akawatafsiria. Mwenye mkahawa akaomba kuiona ngome. Nikampa simu, akaiweka kando ya ile picha ukutani na kuzipiga zote mbili picha moja.

Nafikiri sana juu ya jambo hilo. Kengeleni, ng'ambo ya Nyali, tunapita kila siku mahali walipowekwa watumwa waliokombolewa katika miaka ya 1870, na kengele bado ipo. Shuleni tulisomeshwa habari za waliokombolewa. Habari za waliojikomboa wenyewe, wakamlazimisha mfalme azungumze nao, nilikuja kuzisikia kwenye mkahawa wa Carcelén, nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Nataka watoto wa Mombasa waijue ile picha. Nimeipeleka kwa mwalimu wa historia mtaani kwetu, na nitaendelea kuwapelekea wengine.

Nilitamani kushuka San Lorenzo. Mama alikataa kabla shoga yangu hajamaliza kutafsiri. Januari 2024 serikali ya Ecuador ilitangaza kwamba nchi iko katika vita vya ndani dhidi ya magenge ya dawa za kulevya, na Esmeraldas ni miongoni mwa majimbo yaliyoumizwa zaidi. Nyumba yake iko kule, ina minazi nyuma, na yeye mwenyewe huenda kwa hofu na kurudi kwa haraka. Aliniambia amezaliwa kwenye maji na sasa analala mlimani kwa sababu ya bunduki za watu wengine. Alilisema bila kuinua sauti, akiwa anapanga nazi zake. Shoga yangu alikuwa amemshika bega. Hapo ndipo nilipojua kwa nini hawa wawili hawaachani: kila mmoja ana pwani yake ambayo haifikii kirahisi.

Siku ya mwisho mama alitaka afundishwe mahamri. Nilimwonyesha yote, tui, iliki ya kutwanga, namna ya kukata pembe, namna ya kumwagia mafuta juu ili yavimbe. Alikuwa mwanafunzi mkali, hakutaka nimguse mkono, alitaka kuona na kufanya. Nikamwachia leso moja, akajifunga papo hapo.

Sasa anayauza. Kila Jumamosi, kando ya nazi na madafu, ana ndoo yenye kitambaa cheupe, manne kwa dola moja, na ukiongeza kidogo unapata kikombe cha mbaazi za nazi. Shoga yangu hupita saa tatu asubuhi kuhakikisha iliki imetiwa ya kutosha, na mara nyingi hukuta ndoo imekwisha. Shida ni kwamba iliki kule ni ghali sana. Nimepata mtu anayesafiri mwezi ujao na kupitia Quito, na leo asubuhi nimenunua nusu kilo Marikiti, ile ya kijani, iliyojaa.